Njia yetu ya kuvuka reli inahamishiwa kwa malori: wakaazi wa Jomvu tuseme nini?

Mwana wa Jomvu (mwanzisha uzi), Jumatatu usiku

Asalam aleikum wanajukwaa, na wengine hamjambo.

Ijumaa alfajiri tulikuta karatasi ndani ya plastiki, imefungwa kwa waya wa nondo kwenye kile chuma kilicho pembeni ya njia, pale tunapovukia reli ya zamani. Mistari mitatu, yote ya Kiingereza. Haina tarehe, haina mhuri, haina jina la aliyeiandika wala nambari ya kuulizia. Mpwa wangu ndiye aliyewasomea kina mama waliokuwa wakitoka na ndoo za mahamri: njia hii itafungwa, waendao kwa miguu watumie kivuko cha barabara.

Kivuko cha barabara ni kile cha malori.

Kwa msiopajua Jomvu, hapa Mombasa, sisi tunakaa upande mmoja wa reli, na karibu kila tunachokihitaji kiko upande wa pili: skuli, zahanati, msikiti wa Ijumaa, maziara, steji ya matatu. Njia yenyewe ni kichochoro kinachoshuka kati ya kuta mbili, kikatokea relini. Katikati ya vyuma viwili wazee wetu walilaza mataruma mawili ya mbao (yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma vya reli) ili mkokoteni wa maji usikwame kwenye kokoto. Mataruma yale yamelika katikati kwa nyayo, yamekuwa kama kinu. Mimi nimevushwa pale mgongoni mwa babangu, na wanangu nimewavusha mimi.

Jumamosi nikasema nisipige kelele kabla ya kupima. Nilitoka na mama mkwe wangu, umri wake umepita sabini, tukaihesabu njia. Kwa njia ya sasa, kutoka mlangoni kwetu hadi lango la skuli ni hatua 260. Kwa njia tuliyoelekezwa ni hatua 1,930, na kwa mwendo wake ilituchukua dakika 27. Unaifuata reli kando ya ukuta wa yadi ya makontena, upande mwengine una mtaro usiofunikwa, kisha unatokea mahali malori yanapokata kona. Hakuna njia ya miguu. Hakuna taa hata moja. Mama mkwe alisimama pale akishika mkono wangu, lori la kontena la futi 40 likageuka, na mkia wake ukapita tuliposimama sekunde tatu kabla. Akaniambia, "Mwanangu, nirudishe."

Mtoto anayerudi nyumbani kula mchana anakwenda njia hiyo mara nne kwa siku. Fanyeni hesabu.

Sipingi usalama. Treni ni chuma, haina huruma. Ninalouliza ni hili: nani ameamua, ametuuliza nani, na kwa nini njia ya zamani ifungwe wakati mpya haijatengenezwa? Naomba ushauri, hasa kwa wenye ujuzi wa sheria na wa reli.

Dereva wa Usiku, Jumatatu usiku

Pole sana kaka. Mimi naendesha lori na kivuko hicho nakijua vizuri. Nikikata kona kuelekea kushoto na trela ndefu, kioo changu hakioni kitu kuanzia gurudumu la mbele la trela mpaka nyuma. Mtoto akiwa pale simuoni. Nasema kama mzazi: msikubali watoto wapitishwe hapo bila kizuizi cha saruji baina yao na sisi.

Mfuata Haki, Jumatatu usiku

Ndugu yangu, mlijenga karibu na reli mkijua ni reli. Hifadhi ya reli si uchochoro wa mtaa. Sheria inakataza kutembea relini pasipo kivuko rasmi. Mkifungiwa mnalalamika, na mtu akigongwa mnalalamika pia.

Mwana wa Jomvu, Jumatatu usiku

@Mfuata Haki, nakuheshimu, ila hapo kwenye "mlijenga karibu na reli" nakukatalia. Reli ilianza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Wajomvu ni katika Tisa Taifa, yaani yale makabila tisa ya Waswahili wa Mombasa, na Jomvu ilikuwa na watu, misikiti na makaburi kabla ya taruma la kwanza kulazwa. Njia za watu ndizo zilizokatwa na reli.

Bi Saumu wa Mikindani, Jumatatu usiku

Naandika haya kwa uzito. Mdogo wangu alifia kwenye njia hiyo hiyo ya zamani unayoitetea. Alikuwa na miaka 19, anatoka kibaruani, vidude vya muziki viko masikioni. Treni ilikuwa inateremka kutoka Mazeras. Watu wa upande wa pili walimpigia kelele, wakampungia mikono, yeye akadhani wanamsalimia. Akawapungia.

Mimi nilipoliona tangazo lile nilisema alhamdulilahi. Mama mkwe wako akitembea dakika 27 atafika. Mdogo wangu hakufika. Kwa hiyo mnapoandaa maandamano yenu, mjue tuko watu ambao tutasimama upande wa pili.

Mwana wa Jomvu, Jumatatu usiku

Bi Saumu, Mungu amrehemu. Nilikuwapo siku ile, mimi ni katika waliokwenda kutafuta shuka la kumfunika. Sikujua kwamba wewe ni dadake. Sina jibu la haraka la kukupa, na sitajifanya ninalo. Hakuna maandamano. Nakuomba ubaki kwenye uzi huu.

Mwalimu wa Darasa la Nne, Jumanne asubuhi

Habari za asubuhi. Nafundisha upande wa pili wa reli. Nataka mjue mambo yalivyo leo, siku ya nne tu tangu karatasi iwekwe.

Jana waliweka mabati kuziba kichochoro. Wanafunzi wangu hawakwenda kwa malori. Wameng'oa tofali kwenye ukuta mbovu mbele kidogo, tundu ni la kupita mtoto mmoja mmoja akiinama, na likitokea linatokea nyuma ya mahali mabehewa ya mizigo husimama kusubiri. Asubuhi hii nimemuuliza mmoja kwa nini magoti yake yana grisi. Akaniambia amepita chini ya behewa, na kwamba "leo lilikuwa limelala." Wana msamiati wao tayari: behewa limelala, behewa limeamka.

Nimewakusanya wote nikawakataza. Lakini nawajua. Kesho mvua ikinyesha na wamechelewa, watapita.

Mzee wa Genge, Jumanne mchana

Wanangu, hamjambo. Mjukuu wangu ananiandikia, mimi nasema yeye anapiga chapa.

Niliingia kazi ya reli mwaka 1974, wakati ule reli ikiwa bado ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kazi yangu ilikuwa genge la kutengeneza njia: kubadilisha mataruma, kushindilia kokoto, kukaza misumari, kukata majani. Kipande hicho mnachokizungumza nimekifanyia kazi kwa mikono hii.

Kwanza hilo la mwalimu. Gari la moshi lililosimama si gari lililolala. Baina ya behewa na behewa pana nafasi ndogo kwenye kishikizo. Injini ikivuta mbele kabisa, behewa la mwisho halijui, halafu mshtuko unakuja, ka-ka-ka-ka, unafika nyuma kwa nguvu moja. Mtoto aliye chini hana muda wa kusema hata "ah". Mwalimu, wapeleke ukawaoneshe kwa mbali, wausikie mshtuko ule. Maneno pekee hayatawaingia.

La pili, kivuko chenyewe. Bi Saumu ana haki. Mahali pale ni pabaya, na zamani hapakuwa pabaya. Tulipokuwa sisi, ule ukuta wa yadi haukuwapo, na miti tuliikata. Ukisimama ulikuwa unaiona injini tangu mbali. Sasa kona ya ukuta imekuja mbele na mikilifi (miarobaini) imejifunga nyuma yake. Gari linaloteremka kutoka juu huwezi kuliona mpaka limeshafika.

Tena kuna upepo. Wakati wa kusi upepo unatoka baharini kwenda bara, na gari linatoka bara. Honi inarudishwa nyuma. Wakati wa kaskazi utaisikia honi hiyo mpaka jikoni. Nyinyi mliozaliwa pale mnajua, ila hamjapata kulifikiria.

Na msidhani dereva atasimamisha. Gari la mizigo lenye mzigo kamili linaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Likija kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akikuona, kazi yake ni kupiga honi na kumuomba Mungu. Nimeketi na madereva waliopatwa na hayo. Hawalali.

Dawa yake si kuwatupa watu kilomita nzima. Isogezeni njia kidogo kuelekea juu, ipite ile kona ya ukuta, pale palipo mnazi uliokatika kichwa. Pale utaona juu na chini. Kapimeni.

Mwana wa Jomvu, Jumanne mchana

Shikamoo mzee. Kesho asubuhi tunakwenda kupima.

Mpiga Kasia, Jumanne jioni

Marahaba si yangu lakini mzee huyu ameniliza. Kila mtaa ungekuwa na mzee kama huyu anayeulizwa kabla karatasi haijabandikwa.

Mfuata Haki, Jumanne jioni

Niliandika kwa ukali jana. La watoto kupita chini ya mabehewa sikulijua. Kufunga kwa namna hii kumehamisha hatari tu. Hapo nimekubali.

Mshika Tusi, Jumanne usiku

Kuna jambo hamjalitaja na kwetu ni kubwa.

Maziara yetu yako ng'ambo. Maiti tunambeba mabegani, jeneza linapita mikononi, huyu anaingia, yule anatoka, kila mtu apate thawabu. Hatuendi kwa gari, hatujawahi. Na maiti huharakishwa, haongojeshwi. Kwa njia ya zamani tukitoka msikitini hadi kaburini ni muda wa kusoma tahalili mara chache tu.

Jana tumemzika Bwana mmoja wa mtaa wetu. Mabati yamewekwa. Tulikuwa kama watu mia na hamsini na jeneza juu, tukaifuata ile njia mpya kando ya ukuta. Ni nyembamba, wabebaji hawawezi kuwa wawili wawili. Pale kwenye mtaro ikabidi tulishushe jeneza, tulipitishe kwa mkono chini chini kama kabati, wallahi. Mtoto wa marehemu alikuwa nyuma yangu, nikamsikia akisema, "Taratibu, taratibu babangu." Tulipofika barabarani ikabidi vijana wasimame mbele ya malori na kanzu zao. Madereva, Mungu awalipe, walizima injini wakashuka, mmoja akavua kofia.

Wakituletea daraja la ngazi pia halitufai. Jeneza halikati kona kwenye ngazi. Hilo liandikwe.

Dereva wa Usiku, Jumanne usiku

Tulioshuka mimi nilikuwa mmoja wao. Tunawapa pole.

Msaidizi wa Sheria Pwani, Jumatano asubuhi

Nimesoma uzi wote. Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria, nimefuatilia mambo ya njia na ardhi kwa miaka kadhaa. Nitasema ninayoyajua.

Hoja ya kwamba tumepita miaka mia msiitegemee peke yake. Ardhi ya umma haipatikani kwa kuikalia au kuipita muda mrefu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitambua haki ya njia ya umma na inaeleza inavyoundwa, lakini ni utaratibu wa maombi na ramani, na mkianza leo msitarajie matokeo kesho. Historia itajeni, ni yenu, ila isiwe ndiyo nguzo.

Nguzo yenu ni namna uamuzi ulivyofanywa. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haki na yenye utaratibu, na sheria iliyotungwa mwaka 2015 kukitekeleza inasema hatua inayogusa umma au kundi la watu itangazwe, maoni yaalikwe, yazingatiwe, na sababu zitolewe. Karatasi isiyo na jina haiwezi kualika maoni ya mtu. Utayapeleka kwa nani?

Kwa hiyo anzeni hapo. Andikeni barua ya kuomba taarifa kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ombeni vitu vinavyoshikika: uamuzi wenyewe ulioandikwa, ramani, tathmini ya usalama wa kivuko, na kumbukumbu za mkutano wowote wa wananchi kama ulifanyika. Afisa ana siku 21 za kujibu. Jambo likigusa uhai wa mtu ni saa 48, na nyinyi mna watoto chini ya mabehewa, basi litajeni hilo katika aya ya kwanza. Wakikaa kimya, mnakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ndiyo yenye kazi ya kulisukuma hilo.

Na hili watu wengi hawalijui: sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili. Msihangaike kutafuta mtu wa Kiingereza. Mzee wa Genge aliyoyasema hapo juu, yaandikeni hivyo hivyo alivyoyasema.

Jambo la mwisho. Katika Jedwali la Nne la Katiba, reli ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Barabara za kaunti na taa za barabarani ni kazi ya kaunti. Nyinyi mko katikati: reli ni ya huku, taa na mtaro ni za kule. Ukienda upande mmoja utaambiwa nenda upande wa pili. Barua iwe moja, ipelekwe kote kwa siku moja, na kila upande uone kwamba mwenzake amepata. Nakala zenu zote zipigwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri huo mtakuwa hamjaandika kitu.

Gurudumu Tatu, Jumatano asubuhi

Ninatumia baiskeli ya magurudumu matatu ya walemavu, naisukuma kwa mikono. Kwa njia ya zamani nilikuwa nasaidiwa na mtu mmoja kwenye yale mataruma, basi nimevuka. Kwa njia mpya nimekwenda mara moja nikarudi, gurudumu limeingia mtaroni. Tangu Jumatatu sijaenda kazini. Kifungu cha 54 cha Katiba kinatupa haki ya kufika mahali pote kwa wepesi unaofaa. Naomba barua hiyo iwe na jina langu mbele, si mwisho.

Msaidizi wa Sheria Pwani, Jumatano asubuhi

Litakuwa la kwanza.

Mkaazi wa Vingunguti, Jumatano mchana

Salamu kutoka Dar. Huku SGR, reli mpya ya kisasa ya umeme, ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, na njia ina uzio, hakuna kukatiza. Mimi niko karibu na njia na naelewa kabisa hali yenu. Uzio ni mzuri pale tu penye pa kupita karibu. Palipo mbali watu hupatafuta penyewe, na wanapopata huwa ni pabaya kuliko pa mwanzo. Shikilieni hoja ya huyo mzee ya kusogeza kidogo.

Mwana wa Jomvu, Jumatano jioni

Tumepima. Naandika mikono bado ina vumbi.

Tulikwenda watu saba, tukiwa nje ya vyuma muda wote, tunatembea kandokando ya ukuta. Dada yangu alivaa leso nyekundu, akaifungua kwa mikono miwili juu ya kichwa, akawa anatembea kuelekea juu, upande wa Mazeras. Mimi nimesimama mwanzoni mwa kivuko cha zamani, urefu wa macho ya mtu mzima. Mwenzangu anahesabu hatua kwa sauti. Leso ilikuwa inaonekana, inaonekana, halafu mikilifi ikaimeza kwa ghafla kama taa iliyozimwa. Hatua 190. Hatua yangu nimeipima kwa futikamba, ni kama sentimita 70, basi ni mita 133. Kwa mwendo aliotaja mzee, sekunde 10 hazifiki.

Kisha nikamuomba mama mkwe avuke kama anavyovuka siku zote, na ndoo yake, si reli yenyewe bali kwenye kichochoro, tulipochora mistari miwili chini kwa upana ule ule. Sekunde 11.

Nilikaa chini. Miaka yote hii nimekuwa nikisema "sisi tumezoea, tunaangalia." Mama huyu akiangalia juu, akaona pako wazi, akaingia, treni ambayo haikuonekana inaweza kumfikia kabla hajatoka. Si kwa uzembe. Kwa hesabu tu.

Bi Saumu, nakuambia mbele ya watu wote: nilikosea. Njia ile pale ilipo isifunguliwe tena kama ilivyokuwa.

Tukasogea hatua 90 kuelekea juu, tukaipita kona ya ukuta, tukasimama penye mnazi uliokatika kichwa. Dada akaanza tena. Akaenda mpaka akawa mdogo kama kijiti cha kiberiti, leso bado naiona. Ilipotea kwenye hatua 430. Mita 300, zaidi ya sekunde 21. Upande wa chini, wa Changamwe, reli imenyooka, unaona mpaka macho yachoke.

Ardhi ya pale ni tambarare. Jeneza linapita bila kushushwa. Baiskeli ya magurudumu matatu inapita pakiwekwa sakafu baina ya vyuma. Kutoka mlangoni kwetu kupitia pale hadi skuli ni hatua 400 na ushei badala ya 1,930.

Bi Saumu wa Mikindani, Jumatano usiku

Nimeisoma mara tatu. Nimemsomea mamangu pia.

Sikutarajia mtu aseme alikosea. Mimi nilitaka pafungwe kwa sababu nilidhani kufunga ndiyo njia pekee ya kukubali kwamba mdogo wangu alikufa pale kwa sababu ya mahali, si kwa sababu ya ujinga wake. Watu walimsema sana. Vidude vya masikioni, vijana wa siku hizi. Hata angekuwa bila vidude, kwa kusi ile, sekunde zenyewe ni hizo mlizohesabu.

Nataka barua iseme hivyo. Na nataka mikilifi ile ikatwe wiki hii, isingojee siku 21. Mkikubali hayo mawili nitaweka sahihi.

Mzee wa Genge, Jumatano usiku

Mwanangu Saumu, marehemu hakuwa mjinga. Mimi nasema kama mtu wa reli. Pale palikuwa pa kumtega hata mfanyakazi wa genge.

Kwenye barua ongezeni haya: sakafu ya mbao au ya mpira baina ya vyuma, isiwe kokoto. Geti la kuzunguka pande zote mbili, lile linalokulazimisha ugeuke uangalie juu kisha chini kabla ya kuingia, nalo liwe pana jeneza na baiskeli zipite. Kibao cha honi, kile kinachomwonesha dereva pa kupigia honi, kisogezwe mbele kulingana na kivuko kipya, maana cha sasa kimepimwa kwa cha zamani. Taa moja. Na mpaka hayo yawepo, mtu wa bendera asubuhi, mchana na jioni, saa za skuli. Zamani tulikuwa naye.

Mwalimu wa Darasa la Nne, Alhamisi asubuhi

Wazazi wanne wamejitolea kusimama kwenye lile tundu kuanzia saa 12 asubuhi. Leo hakuna aliyepita chini ya behewa. Tundu tumeliziba kwa magunia ya mchanga, lakini naomba mzazi mmoja zaidi wa zamu ya saa 7 mchana.

Mama Mahamri, Alhamisi asubuhi

Zamu ya saa 7 nitashika mimi, biashara yangu saa hizo imekwisha.

Mwana wa Jomvu, Alhamisi usiku

Barua imepelekwa leo. Kurasa mbili na mchoro wa mkono, wote kwa Kiswahili. Jina la kwanza ni la ndugu yetu wa baiskeli, la pili ni la Bi Saumu. Sahihi ni 212, na alama za dole gumba 37 za wazee wetu. Ofisi ya kwanza walitaka kuipokea bila mhuri, wakasema "acheni tu hapo." Tulisimama. Mhuri ukatafutwa kwenye droo mbili, ukapatikana. Ya pili walipiga mhuri bila maneno, na kijana wa mapokezi akaomba kuuona mchoro, akasema bibi yake anakaa ng'ambo ile.

Jioni nikapigiwa simu. Hakutaja cheo chake. Ameuliza kama vipimo vile tumepima wenyewe au tumeajiri mtu. Nikamwambia tumepima wenyewe kwa leso. Akanyamaza kidogo, akasema Jumamosi asubuhi watakuja watu wawili na vyombo vyao, tuwe pale kuwaonesha. Mikilifi amesema "itaangaliwa." Nimemwambia sisi tuna mapanga, tunachohitaji ni ruhusa na mtu wa bendera juu na chini tukikata. Atajibu kesho.

Kwa hiyo Jumamosi saa 2 asubuhi penye mnazi. Mzee wa Genge, tutakuja kukuchukua kwa tuktuk, usitembee. Bi Saumu, ukiweza. Watoto wabaki nyumbani. Na dada yangu anaomba mwenye leso kubwa kuliko yake aje nayo, yake imechanika kwenye senyenge jana.